Wapo Tu, Mkwe

Kila Mei, waziri wa mifugo na uvuvi anaposimama bungeni Dodoma kuomba fedha za mwaka, huwa nasubiri mambo mawili tu katika hotuba yake: idadi ya ng'ombe na lita za maziwa. Wenzangu husubiri umeme na barabara. Mimi nimekulia chini ya migomba ya Machame, mke wangu ni mtoto wa Meatu, na tarakimu hizo mbili ni habari za nyumbani, upande huu na upande ule.

Ukizisoma haraka ni habari njema. Mwaka 2016/17 maziwa ya nchi yalihesabiwa kuwa lita bilioni 2.1, kufikia 2022/23 yakawa bilioni 3.6. Ng'ombe nao walitoka takriban milioni 30 mwaka 2017 wakapita milioni 36 mwaka 2023, idadi inayotuweka na nchi za mbele kabisa Afrika. Makofi hupigwa, na kwa haki. Ila mwenye kalamu mkononi akigawa lita kwa ng'ombe anapata kama lita 100 kwa kila mmoja kwa mwaka mzima, chini ya theluthi moja ya lita kwa siku. Hesabu hiyo haitendi haki, maana imewachanganya mafahali, maksai, ndama na mitamba ambao hawajawahi kushikwa chuchu. Lakini inatosha kumfanya mtu ajiulize. Jirani zetu Kenya wana ng'ombe wachache kuliko sisi kwa mbali, na maziwa yao yanazunguka lita bilioni 5 kwa mwaka. Mkenya hunywa takriban lita 110 kwa mwaka. Mtanzania hafiki 70. (Sehemu ya tofauti hiyo iko ndani ya sufuria ya chai. Kule chai huchemshwa na maziwa toka mwanzo. Ukija kwetu, hasa Pwani, chai ni ya rangi, iliki na tangawizi, na mgeni akiomba maziwa mtoto hutumwa dukani.)

Watu wengi humalizia mjadala papo hapo. Wafugaji wetu, wanasema, wanapenda kuhesabu tu. Wapunguze mifugo, wafuge kisasa. Kauli hiyo nimeisikia kwenye daladala, kwenye semina na hata kwenye mahubiri. Ina ukweli ndani yake, lakini husemwa kirahisi mno, na mara nyingi na mtu ambaye hajawahi kubeba mzigo wa majani.

Nilipokwenda Meatu kujitambulisha, baba mkwe aliniuliza habari za nyumbani, mvua, mahindi, kisha akafika kwenye jambo lenyewe.

"Mama yako anafuga?"

"Anafuga, baba."

"Wengi?"

"Mmoja."

Alinyamaza kwa heshima, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Baadaye, nikiwa nimeshazoea kidogo ila bado na ugeni wa kutojua, nami nikamwuliza wa kwake ni wangapi. Akatazama zizi, akatazama vijana waliokuwa wanafunga mageti ya miiba, akanijibu: "Wapo tu, mkwe." Shemeji yangu mmoja akanivuta pembeni kunifundisha kwamba swali hilo mtu haulizwi. Idadi ya ng'ombe ni siri ya mwenye mji.

Mama, niliporudi Machame na hadithi hiyo, hakujali siri. Aliuliza jambo moja tu: hao wote wanatoa lita ngapi? Nikamweleza kwamba ndama hunyonya kwanza, kinachobaki kwa ng'ombe mmoja ni lita moja, pengine moja na nusu, na kiangazi kikikaza hakuna kitu. Akacheka mpaka akajishika kiuno. "Basi huyo anafuga kwato."

Nimeishi kati ya maswali hayo mawili muda mrefu sasa. Wangapi? Lita ngapi? Kila mmoja wao aliuliza kile ambacho maisha yake yalimfundisha kukiogopa. Baba mkwe anaogopa ukame. Ule wa 2008 na 2009 ulipopita Longido, Monduli na Simanjiro, kuna maboma yaliyobaki na mizoga na ng'ombe wa kuhesabu kwa vidole. Mwenye ng'ombe 200 akibakiwa na sehemu ya kumi ana pa kuanzia upya. Mwenye 10 akibakiwa na sehemu hiyo hiyo ana ng'ombe mmoja, na huyo mmoja huenda ni dume. Katika nchi ambayo mvua haiaminiki na bima haijafika, idadi ndiyo bima. Ndiyo mahari, ndiyo ada, ndiyo nauli ya hospitali ya Bugando. Na ng'ombe mwenyewe wa asili, yule mdogo mwenye nundu, anaweza kutembea kutwa kufuata maji, kustahimili kupe na kushiba nyasi ambazo ng'ombe wa gredi wa mama asingezinusa. Maziwa kwake ni kitu kimoja kati ya vingi anavyotakiwa kutoa. Mtu akimpima kwa lita peke yake amempima kwa mtihani ambao hakufundishwa.

Upande wa mama nao hauonekani vizuri kutoka mbali. Watu huona ndoo. Wakisikia ng'ombe mmoja anatoa lita kumi na kitu, husema mbegu hiyo ni nzuri, tuitafute. Mbegu ilikuwa nzuri, sikatai. Nusu ya damu yake ilitoka kwenye mrija uliohifadhiwa katika baridi ya nitrojeni, kwenye kituo cha taifa cha uhimilishaji pale Usa River. Lakini ng'ombe wa kilo 400 anahitaji majani mabichi kilo 40 na zaidi kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Anataka maji lita 50 au zaidi, na kwa kila lita ya maziwa inayoongezeka anadai lita tatu au nne nyingine za maji. Kihamba chetu cha migomba hakikutosha hata nusu ya majani hayo. Matete ya kando ya mfereji yakiisha, mama na wanawake wenzake waliteremka tambarare alfajiri, wakakata majani, wakayafunga kwa kamba ya mgomba, wakayapandisha mlimani kichwani. Mchana ulikuwa wa kukatakata shina la mgomba kwa panga, kuchanganya na pumba na mashudu ya alizeti, kutupia chumvi. Kisha samadi, maana banda lisipofagiliwa kwato huoza.

Kukamua kwenyewe kulikuwa na taratibu zake, na nikifumba macho nazikumbuka kwa mpangilio. Maji ya uvuguvugu, kitambaa safi, kiwele kinaoshwa na kukaushwa. Mchirizi wa kwanza wa kila chuchu haukwenda kwenye ndoo. Ulikamuliwa kwenye kikombe cheusi, mama akakiinamisha kwenye mwanga atazame kama kuna mabonge, dalili ya ugonjwa wa kiwele. Mafuta kidogo viganjani. Halafu kimya, kwa sababu ng'ombe akishtuka anazuia maziwa, na hakuna nguvu ya mikono itakayomlazimisha. Kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, karani alizamisha laktomita kuona kama umeongeza maji, akachanganya maziwa kidogo na spiriti kuona kama yanaganda. Maziwa yakikataliwa unarudi nayo. Njia yote ya kurudi unasalimiwa na watu wanaoiona ndoo na kuelewa.

Maziwa, kwa hiyo, hupita tu kwa ng'ombe. Yanatoka horini, na hori halijijazi. Ukiona lita zimepanda mahali popote duniani, kuna mtu, shamba au fedha iliyobebeshwa zaidi, na kwa kawaida takwimu haimtaji.

Haimtaji bibi, kwa mfano. Bibi yangu, mzaa baba, alipozeeka hakuweza tena shamba wala tambarare. Alikaa mlangoni kwenye kigoda, uso kwa uso na banda, kutwa nzima, akichambua maharage ambayo pengine yalikuwa yameshachambuliwa. Sisi watoto tulidhani hana kazi. Sasa, ng'ombe huingia joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe hudumu chini ya siku moja. Akionekana asubuhi, mhimilishaji anatakiwa jioni. Akionekana jioni, afike kesho yake asubuhi. Ukilikosa, unasubiri wiki tatu nyingine, ukiendelea kumlisha ng'ombe ambaye maziwa yake yanapungua kila siku. Bibi hakuwahi kulikosa. "Leo huyu analia vibaya, mwiteni bwana mifugo," alisema, na mtu alikimbia. Kwa hiyo ng'ombe wetu alizaa karibu kila mwaka, akakaushwa miezi miwili kabla ya kuzaa, akaanza upya na ndoo iliyojaa. Baada ya bibi kufariki, mama akiwa tambarare na sisi shuleni, joto lilipita bila shahidi. Ng'ombe yule yule, majani yale yale, akawa anakamuliwa mwaka na nusu kwa ndama mmoja, mwishoni akitoa kikombe kwa kukibembeleza.

Hii ni hasara isiyo na kilio. Ng'ombe akifa kwa ndigana kali, kijiji kizima kinajua. Siku ambazo alipaswa kuwa na mimba na hana, hakuna anayeziona, na nchini kote ziko nyingi kupita kiasi. Njaa huchangia vilevile: ng'ombe aliyekonda kiangazi hakatai kwa maneno, haingii joto tu. Mara nyingi nikiona mtu au ofisi iliyodumaa huwafikiria watu wa aina ya bibi, wale ambao kazi yao ilikuwa kuwepo na kuangalia, wakaondolewa kwenye hesabu kwa kuwa hawakuwa wanabeba kitu.

Wamarekani wamefika mbali sana kwenye njia ya mama. Mwaka 1944 walikuwa na ng'ombe wa maziwa wapatao milioni 25.6 waliotoa tani milioni 53. Mwaka 2007 ng'ombe walikuwa milioni 9.2 tu, na maziwa yamefika tani milioni 84. Ng'ombe wamepungua karibu theluthi mbili, kila aliyebaki anatoa zaidi ya mara nne ya bibi zake. Nilipoisoma hesabu hiyo mara ya kwanza nilitamani mama aione. Uhimilishaji, kumbukumbu za kila ng'ombe, lishe iliyopimwa kwa gramu, tiba, mashine: walifanya yote tunayohubiriwa kwenye semina, na wakayafanya kwa miaka mingi bila kuchoka.

Lakini nikauliza swali la hori. Mzigo wa majani aliubeba nani? Ulibebwa na mashamba makubwa ya mahindi na soya, mafuta ya trekta, mbolea ya viwandani, na mikono ya wahamiaji wanaokamua usiku. Na mashamba ya wafugaji yenyewe yalitoweka. Mwaka 1970 Marekani ilikuwa na mashamba ya ng'ombe wa maziwa zaidi ya 600,000. Leo hayafiki 30,000. Idadi ya ng'ombe ilipoanguka, ya wafugaji ilianguka kwa kasi kubwa zaidi. Ng'ombe naye analipa: wengi huondolewa bandani wakiwa na umri wa miaka mitano hivi, baada ya kuzaa mara mbili au tatu. Kuna fahali mmoja maarufu, Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa mwaka 1962. Mabinti zake walikuwa na maziwa ya ajabu, akazaa 16,000 kwa njia ya mirija, na leo sehemu kubwa ya damu ya Holstein duniani inarudi kwake. Miongo kadhaa baadaye wanasayansi waligundua kwamba alibeba pia kasoro ya kurithi iliyosababisha mimba zipatazo nusu milioni kuharibika. Waliokokotoa walisema faida ya maziwa bado ilizidi hasara. Huenda ni kweli. Ila hakuna mfugaji aliyechagua hasara hiyo kwa kujua. Ilikuja kimyakimya, imefungwa pamoja na sifa.

Simlaumu Mmarekani. Ninachokataa ni ile picha ya kwamba yeye yuko mwisho wa barabara ambayo sisi sote tumeichelewa. India ilipita kwingine. Tangu 1970, kwa mpango ulioongozwa na Verghese Kurien kutoka mji mdogo wa Anand, vijiji vya watu wenye nyati au ng'ombe wawili watatu viliunganishwa kwa vyama vya ushirika, maziwa yakapimwa mafuta mbele ya mwenyewe na kulipwa bila kucheleweshwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 India ikawa ya kwanza duniani kwa maziwa, wafugaji wadogo wakiwa bado wapo. Kenya nayo ina historia yake, yenye uchungu ndani. Chama cha walowezi, KCC, kilianzishwa mwaka 1925, na hadi mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954 Mwafrika alikuwa amezuiliwa kwa njia nyingi kumiliki ng'ombe wa gredi. Alipofunguliwa mlango aliingia na familia nzima. Leo sehemu kubwa ya maziwa ya Kenya hutoka kwa wenye ng'ombe wachache nyuma ya nyumba. Kila nilikotazama, kilichopandisha lita na kumwacha mtu mahali pake kilikuwa mambo ya kuchosha: majani yaliyohifadhiwa kabla ya jua kali, barabara inayopitika asubuhi, tangi la kupozea lenye umeme, malipo ya tarehe inayojulikana.

Nikirudi kwenye hotuba ya Mei, jambo moja lazima lisemwe kuhusu zile lita bilioni 3.6. Kwa sehemu kubwa ni makadirio. Hakuna anayepita Meatu na jagi wakati shemeji zangu wanakamua kwenye kibuyu. Huchukuliwa idadi ya ng'ombe, ikazidishwa na wastani. Viwandani hufika asilimia chache tu. Maana yake ni kwamba ng'ombe wa baba mkwe, ambao tunamwambia awapunguze, ndio wanaobeba sehemu kubwa ya lita tunazozipigia makofi, na watoto wa wafugaji kama yeye ndio wanaoyanywa maziwa hayo. Ng'ombe wa maziwa walioboreshwa, wa aina ya yule wa mama, ni kama milioni moja na kidogo kati ya ile 36 na zaidi. Tunawatukana wengi na kuwasifu wachache, na wote tunawaweka kwenye jumla moja.

Ningekuwa naandika hotuba hiyo ningeomba iongezwe takwimu mbili. Kwanza, wastani wa siku kati ya uzazi mmoja na mwingine. Pili, marobota mangapi ya majani makavu yako ghalani kufikia mwisho wa Juni, wakati nyasi bado zina nguvu na kabla ya bei kupanda. Mwenye takwimu hizo mbili anaweza kukuambia Oktoba kutakuwa na maziwa kiasi gani, na hahitaji kujua siri ya mwenye mji.

Nyumbani Machame mambo yamebadilika. Mama magoti hayamruhusu tena tambarare. Majani yanakuja kwa guta, kijana anayashusha getini na kungoja pesa yake. Mdogo wangu Neema, anayesimamia siku hizi, amenunua daftari akachora safu: maziwa yaliyouzwa, majani, mashudu, dawa, mhimilishaji. Ikabaki safu moja tupu, akamwuliza mama aandike nini kwa kazi yake mwenyewe. Mama akamwambia aandike sifuri, ng'ombe ni wa nyumbani, nani anajilipa kwa kulisha cha nyumbani kwake. Neema hakuandika sifuri. Aliandika ujira wa kibarua wa siku, akajumlisha miezi yote. Masika ng'ombe anatupa faida nzuri. Kiangazi anakula kuliko anavyoleta, na hiyo ni baada ya miaka yote ambayo tuliamini anatulea. Neema anataka auzwe, wanunue mtamba bora na walipe mtu wa kuhifadhi sileji kwenye shimo. Mama hataki kusikia habari ya kuuza. Bado wanabishana, na daftari linaendelea kuandikwa.